Abiria Waliokana Baridi

Jina lake la kwenye kitambulisho hakuna aliyelitumia. Kituoni walimwita Mzee Taratibu, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe, maana kila alipokaribia tuta au shimo alisema "taratibu, taratibu," kana kwamba gari ni punda na linamsikia. Aliendesha polepole kiasi kwamba waendesha baiskeli walimpigia kengele awapishe. Watu wakimcheka alicheka nao, kisha akaendelea na mwendo wake ule ule. Alikuwa na miaka ishirini na miwili kwenye usukani na hakuwahi kugonga hata kuku.

Kazi yake ilikuwa kuwachukua wagonjwa wa figo majumbani mwao, kuwapeleka kwenye kituo cha kusafisha damu, na kuwarudisha jioni, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mgonjwa wa aina hiyo hulala kwa muda wa saa nne ameunganishwa na mashine, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Akishuka kitandani amechoka kama aliyeshinda analima, na wengi wao baridi imewaingia mpaka kwenye mifupa, hata kama nje jua linawaka. Hakuna daktari aliyemfundisha Mzee Taratibu jambo hilo. Alijifunza kwa kuwatazama wakipanda gari wamejikunyata.

Alikuwa na abiria sita. Watatu waliishi karibu na walishuka mapema. Waliobaki mpaka mwisho wa njia walikuwa wengine watatu, na hao ndio waliokuwa wamegeuka ndugu zake. Kiti cha mbele kilikuwa cha Mwalimu, mama wa miaka sabini na minne, mstaafu, ambaye alimwita dereva "kijana" ingawa kijana mwenyewe alikuwa na wajukuu wawili. Nyuma yake alikaa Fundi, mshonaji wa nguo, mwanamke mwembamba ambaye baridi ilimpenda kuliko wote. Na nyuma kabisa alijitandaza Kocha, pande la mtu, aliyewahi kufundisha timu ya mpira ya wilaya. Yeye alisikia joto muda wote. Fundi akitaka hita, Kocha alitaka dirisha, na ugomvi wao huo ulikuwa redio ya gari lile.

Mzee Taratibu aliuamua ugomvi bila kugeuza shingo. Gari la zamani lilikuwa na swichi ya hita ya kuzungusha, nene, iliyokaa chini kidogo ya mkono wake. Namba zake zilikuwa zimefutika zamani, lakini ilikuwa inagota kidoleni kila ikizungushwa: mara moja, joto la Mwalimu; mara tatu, joto la Fundi; ukirudisha moja nyuma, Kocha ananyamaza. Macho yake yalibaki barabarani, mkono ukahudumia watu. Akisikia tu Fundi anavuta pumzi kwa meno, vidole vilikuwa vimeshafika. Fundi alizoea kusema kwamba kaka huyu anasikia baridi ya mtu kabla mwenyewe hajaisikia.

Kisha likaja gari jipya. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na siku ile hakuna aliyekiona kidonda. Lilikuwa jeupe, lina ngazi inayojishusha yenyewe, na viti vinavyolala. Metroni, msimamizi wa kituo, mama asiyecheka ovyo, alilizunguka mara mbili akitabasamu. Kwenye dashibodi hapakuwa na swichi hata moja. Palikuwa na skrini pana kama sinia, inang'aa, na kila kitu kilikuwa ndani yake: redio, ramani, taa za ndani, feni, hita. Yule aliyelileta alipitisha kidole mara mbili tatu, vitu vikafunguka na kufungwa, akampa Mzee Taratibu ufunguo na kumwambia kwamba hata mtoto mdogo anaweza. Labda mtoto mdogo anaweza kweli. Ila hakuna mtoto mdogo anayeruhusiwa kuendesha gari la wagonjwa kwenye mvua, na hapo ndipo mtu anajiuliza kichwa cha aliyetengeneza kitu kile kilikuwa wapi.

Maana kuiwasha hita ilikuwa safari. Unagusa picha ya feni, unangoja. Inakuletea picha ya gari limekatwa katikati, uchague mbele au nyuma. Ukichagua nyuma inakuletea mstari wa kuvuta, na mstari huo ni mwembamba, na kidole kikitetemeka kidogo kwa sababu ya tuta umerudi kwenye redio. Kioo hakigoti. Hakina juu wala chini. Kidole hakijui kimefika mpaka jicho lije kuhakikisha.

Na jicho lenyewe lilikuwa na siri. Mzee Taratibu alikuwa anaona mbali kama mwewe. Kibao cha njia alikisoma wakati vijana bado wanakikunjia uso. Lakini karibu, herufi zilikuwa zinacheza. Ilimwanza kama miaka mitatu nyuma. Mke wake alijua, kwa sababu mumewe alikuwa anasoma ujumbe wa simu huku ameinyoosha mkono mzima, kama anayemwonyesha jirani. Mwenyewe alinunua miwani ya kusomea kwa wachuuzi wa barabarani, akaificha kwenye mfuko wa shati. Kwenye gari la zamani haikuhitajika kabisa. Kwenye gari jipya, akiivaa anaona skrini lakini barabara inageuka moshi. Akiivua, barabara inarudi na skrini inageuka moshi. Hakumwambia mtu. Dereva wa miaka hamsini na minane akitamka neno "macho" ofisini, alijiambia, ajue kesho yake kiti kina mtu mwingine.

Wiki tatu alihangaika hivyo. Akifika kwenye taa nyekundu alivaa miwani haraka, akavuta mstari, akaivua. Lakini Fundi hakuwa anasikia baridi kwa ratiba ya taa.

Jumatano moja mvua ilikuwa inanyesha nyembamba, ile isiyo na kelele. Wale watatu wa karibu walikwisha kushuka. Fundi alikuwa amejiinamia, akasema kwa sauti ndogo kwamba leo, kaka, baridi imemgandisha. Hakulalamika, alisema tu. Mzee Taratibu akasikia moyo unamchoma, maana kwenye gari la zamani angekuwa amekwisha kumpa joto zamani. Taa za kuongozea magari zilikuwa mbali. Akaipachika miwani puani, akagusa feni, akangoja, akagusa nyuma. Skrini ikamwuliza jambo. Akainama kidogo alisome.

"Baiskeli," alisema Mwalimu.

Hakupiga kelele. Alilisema kama anayemsahihisha mwanafunzi. Mguu wa Mzee Taratibu ukakanyaga breki kabla kichwa hakijaelewa, gari likateleza, likasimama. Mbele ya bampa, umbali wa kiganja, alisimama mtu na baiskeli yake na kreti la mayai limefungwa nyuma. Mvua inamchuruzika usoni. Akayatazama mayai yake, hakuna lililovunjika, kisha akamtazama dereva kupitia kioo cha mbele, kile kimiwani bado kiko puani.

"Mzee," aliuliza, bila hasira hata, "ulikuwa unasoma?"

Afadhali angetukana. Tusi mtu hulijibu, au hulimeza na likaisha. Swali lile lilibaki garini, na yule bwana hakungoja. Alipanda baiskeli yake akaenda zake.

Nyuma, mkono wa Fundi ulikuwa umejigonga kwenye kiti cha mbele, mkono ule ule uliochomwa sindano za mashine. Pamba iliyobandikwa ilikuwa inalowa damu. Mzee Taratibu aliegesha, akashuka kwenye mvua, akafungua mlango, akaushika mkono ule na kuibana pamba kwa kidole gumba kama alivyowaona wauguzi wakifanya. Alibana dakika kumi. Mkono wa Fundi ulikuwa wa baridi kama chuma cha bomba asubuhi. Damu ilipokoma, Kocha alikohoa, akasema ajali haina kinga, bwana mkubwa, twende.

Ijumaa, muuguzi alipouliza habari ya mkono, Fundi alisema alijigonga mlangoni kwake. Mzee Taratibu alikuwa amesimama pale pale na kiti cha magurudumu. Akasikia. Akanyamaza. Aibu yake ikapata mahali pa kukaa.

Tangu siku hiyo gari likatulia ajabu. Alipouliza kama aongeze joto, Fundi alisema hapana kaka, tuko sawa. Mwalimu alisema hewa ya leo ni nzuri. Kocha, aliyekuwa hawezi kupanda gari bila kudai dirisha, hakudai chochote. Mzee Taratibu alifurahi, na tusimlaumu sana. Mtu aliyeponea chupuchupu huamini kila habari njema anayoletewa. Alijiambia kwamba gari jipya halipitishi upepo. Alijiambia huenda hata dawa mpya zimewasaidia. Skrini akaiacha ilale. Mikono miwili kwenye usukani, macho mbele, mwendo wa punda, na kila jioni akamrudisha kila mtu mlangoni kwake salama.

Ilikuwa wiki ya pili, kwenye makutano, gari limesimama, alipotupa jicho kwenye kioo cha ndani kuangalia kama Kocha amelala. Kocha hakuwa amelala. Alikuwa amebaki na shati tu, huku koti lake kubwa limemfunika Fundi mpaka kidevuni. Juu ya koti palikuwa na shuka la kitandani, lile ambalo Fundi alikuwa analibeba kwenye mfuko wa plastiki akisema ni kazi ya mteja. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Alikuwa ameuma pindo la mtandio, ameliuma kwa nguvu, macho ameyafumba.

Mzee Taratibu hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Alikuwa ameuma nguo ili meno yasigongane, dereva asisikie.

Akamgeukia Mwalimu. Mwalimu alikuwa anatazama dirishani kwa bidii, na mikono yake ilikuwa imefichwa chini ya mapaja.

Aliwafikisha. Nyumbani aliketi jikoni bila kuvua viatu, mke wake anachambua mchele, akamweleza yote kuanzia swichi mpaka mtandio. Mke wake alikuwa mwanamke wa utani. Kwa kawaida mume akileta huzuni yeye huitoboa kwa mzaha ikaisha hewa. Safari hii aliusukuma ungo pembeni.

"Baba," alisema, "wagonjwa wanaganda ili wewe usifukuzwe. Wewe unawaonea huruma, na wao wanakuonea huruma, na katikati ya huruma zenu mtu atakufa."

Akaongeza kwamba mficha uchi hazai, na kwamba yeye kama mke yuko tayari kula ugali mkavu na mwanamume asiye na kazi, ila si na mwanamume asiyelala. Maana alikuwa anamsikia usiku akigeuka geuka, na kwa wiki mbili alikuwa akingoja aseme mwenyewe.

Asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa Metroni. Alisimama. Alieleza kila kitu: mvua, skrini, baiskeli, mayai, damu, na uongo wa mlangoni. Kisha akaitoa miwani mfukoni akaiweka mezani, kama mtu anayesalimisha silaha, akaeleza na hiyo. Metroni alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja tu, kwa nini hakusema siku ile ile, naye akajibu kwamba aliogopa kazi yake.

"Na sasa huogopi?"

"Sasa naogopa zaidi. Lakini wameanza kuninyamazia, Metroni. Dereva akishanyamaziwa na abiria wake, anaendesha mizigo."

Metroni alinyoosha mkono, akachukua ufunguo wa gari. Alisema aende akapimwe macho, na mpaka hapo gari litaendeshwa na dereva wa ofisi. Hakusema baada ya hapo itakuwaje, na Mzee Taratibu hakuthubutu kuuliza.

Siku tano alikaa nyumbani. Alifagia ua uliokwisha fagiliwa. Alitengeneza mlango wa kuku ambao haukuharibika, na baada ya matengenezo ukaharibika. Ilipofika saa kumi jioni ya Jumatano, saa yao ya kutoka, alisimama katikati ya ua akitazama barabara, na mke wake akaona bora asimwite.

Mpima macho alikuwa kijana mpole. Alimsomesha herufi za mbali, akasoma mpaka mstari wa chini kabisa, kijana akashangaa. Za karibu zikamshinda. Akaandikiwa miwani ya vioo viwili kwa pamoja, juu pa mbali, chini pa karibu. Mzee Taratibu alifurahi kama aliyeachiwa huru, akauliza kama sasa ataweza kuigusa skrini huku anaendesha. Kijana akatikisa kichwa.

"Hii itakusaidia kusoma, mzee. Haitakuonyesha barabara wakati unasoma. Hata mimi mwenye macho mazima haitanionyesha."

Maneno hayo aliyapeleka kwa Metroni pamoja na cheti. Akamkuta kumbe naye ana ya kwake. Alikuwa ameingia garini mwenyewe, uani, gari limezimwa, akajaribu kupeleka joto kiti cha nyuma. Alikiri, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, kwamba alipata ramani, kisha redio, kisha akapata kiyoyozi. Na dereva wa ofisi, kijana wa miaka thelathini mwenye macho ya paka, alikuwa amemwambia kwamba naye huwa anainama. Tofauti ni kwamba yeye bado hajakutana na baiskeli.

Metroni akasukuma ufunguo juu ya meza. Akasema gari likitembea hakuna anayegusa skrini, awe dereva au abiria. Anayesikia baridi aseme, gari lipaki, joto liwekwe, ndipo waendelee. Ratiba ameisogeza nusu saa, na wanaongoja majumbani wameshaambiwa. Akamwambia pia kwamba siku nyingine akificha jambo, hata kama ni dogo kama mayai, asirudi. Mzee Taratibu akaitikia, akatoka haraka, maana alikuwa mtu wa machozi ya karibu na hakutaka kulia mezani kwa mkubwa wake.

Ijumaa jioni aliwapakia. Mwalimu aliitazama miwani mpya, akasema kijana sasa anafanana na mkaguzi wa shule. Kocha alimshika bega. Kabla ya kuondoka Mzee Taratibu aliweka joto kama zile mara tatu za Fundi, akawaeleza amri ya Metroni neno kwa neno. Wakaitikia wote. Wale watatu wa karibu wakashuka. Gari likaingia barabara kuu, na kimya kikarudi. Kilometa moja, mbili. Kwenye kioo cha ndani aliuona mkono wa Fundi ukiingia polepole kwenye mfuko wa plastiki.

Akawasha taa ya kuashiria, akapaki kando, akavuta breki ya mkono. Akageuka mwili mzima.

"Dada yangu," alisema, "nilikaribia kuwaua kwa sababu nilitaka mpate joto mkiwa njiani, nisisimame. Hilo ni kosa langu, na nimelisema kwa wenyewe. Lakini msinistahi tena namna hii. Ukininyamazia, mimi sijui nimembeba nani."

Uso wa Fundi ukajikunja, kama mtoto aliyeulizwa ameumia wapi.

"Baridi, kaka," alisema. "Nasikia baridi sana. Tangu siku ile."

Mzee Taratibu alivuta mstari mpaka mwisho. Alingoja mpaka hewa ya moto ikamfikia, mpaka akaona mabega yake yanashuka, ndipo akaliondoa gari. Hazikupita dakika tano, Kocha akatangaza kutoka nyuma kwamba sasa wanataka kumchoma akiwa hai. Gari likapaki. Halafu Mwalimu akasema yeye, kwa kweli, miguu. Likapaki tena. Kwenye kilima Fundi akataka iongezwe, na baada ya kilima Kocha akataka ipunguzwe, wakaanza kugombana kwa sauti, na Mwalimu akawatishia wote wawili kwamba atawasimamisha kona. Walisimama mara saba. Baiskeli ziliwapita, magari yakawapita, mpaka mama mmoja mwenye kikapu kichwani aliwapita, akageuka kuwatazama.

Mke wake alikuwa mlangoni, chakula kimepoa, maana hata kwa ratiba mpya alikuwa amechelewa. Akamwuliza kulikoni.

"Wamenisumbua, mama," alisema Mzee Taratibu. Alijaribu kucheka, ikashindikana, akaivua miwani mpya akaishika mkononi. "Wamenisumbua njia nzima."